Barua ya wazi kwa Mwenyekiti na Mkurugenzi wa Halmashauri ya Mji wetu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri,
Ndugu Mkurugenzi wa Mji,

YAH: SHUGHULI ZA MJI KUENDESHWA BILA WANANCHI KUJUA

Shikamoo kwa aliyenizidi umri, na salamu za heshima kwenu nyote wawili. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanamke mfanyabiashara wa nafaka katika soko kuu la mji huu. Kizimba changu ninacho tangu 2003, na ushuru nimelipa kila siku niliyofungua. Nawaandikia hadharani kwa sababu njia ya ofisini nimeshaimaliza. Barua ya kwanza niliileta Februari, ya pili Mei, ya tatu Agosti. Nakala zote ninazo kwenye bahasha ya kaki, na kila moja imegongwa mhuri wa masijala wenye neno IMEPOKELEWA. Majibu sijapata hata mstari mmoja. Nilipofuatilia ile ya tatu niliambiwa ipo kwenye faili, inashughulikiwa. Nikauliza inashughulikiwa na nani. Nikaambiwa njoo Jumatatu. Jumatatu nikafunga kizimba, nikaja, nikakaa kwenye benchi la koridoni kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa saba mchana. Mwishowe akatoka kijana mmoja, mpole kabisa, akaniambia mwenye faili yuko kikaoni na Mkurugenzi yuko safari.

Siku ile mauzo yote yalinipita. Simdai mtu. Naomba tu mjue kwamba mwananchi akiingia ofisini kwenu na barua mkononi, kuna kazi ameiacha.

Ninalolileta ni jambo moja lenye matawi kadhaa. Mambo ya mji huu yanaamuliwa mahali ambapo sisi wakazi hatufiki, na uamuzi ukitufikia unakuwa umeshageuka ushuru, faini au amri. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Ibara ya 146, inasema: "Madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi." Nayachukua maneno hayo kama yalivyo, na kwa hayo nawaeleza yanayotusibu.

1. Ushuru wa soko ulipandishwa bila sisi kuulizwa

Januari, siku ya kwanza ya wiki, kijana wa ushuru alipita na mashine yake ya POS kama kawaida. Jirani yangu ni mama anayeuza ndizi za kupika. Mtaji wake ni mikungu mitatu, minne siku ya gulio. Akatoa shilingi 300 kama alivyozoea. Kijana akamwambia sasa ni 500. Mama akauliza tangu lini. "Ni sheria ndogo mpya, mama. Mimi nimetumwa tu." Akatoa 500. Akaomba risiti. Kijana akabonyeza, mashine ikalia, karatasi haikutoka. "Karatasi zimeisha, mama, kesho nitakuletea."

Shilingi 200 kwa mtu anayelipwa mshahara ni kitu kidogo. Mama huyu anafungua siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo nyongeza ni shilingi 5,200, na kwake hizo ni daftari za watoto na mafuta ya taa ya mwezi mzima. Hakukataa kulipa, na hata sisi wengine hatukukataa. Tulitaka kujua jambo hili lilipita wapi.

Kwa ninavyoelewa, sheria ndogo haiamki asubuhi ikawa sheria. Halmashauri huandaa rasimu, wananchi hutangaziwa ili watoe maoni au pingamizi, Baraza la Madiwani huipitisha, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiridhia, kisha hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kwenye barua ya Februari niliuliza maswali mawili tu: tangazo la kukusanya maoni lilibandikwa wapi na siku gani, na sheria hiyo ndogo ilitoka katika Gazeti la Serikali namba ngapi. Hayo ni maswali ambayo ofisi ya sheria ya halmashauri inaweza kuyajibu kabla chai haijapoa. Kama hatua zote zilifuatwa, tuonyesheni, na mimi mwenyewe nitapita meza kwa meza kuwaeleza wenzangu. Kama hazikufuatwa, basi pesa hiyo inakusanywa kinyume cha utaratibu, na inapaswa kusimamishwa mpaka utaratibu ukamilike.

Kuhusu karatasi kuisha: mashine zile zililetwa ili kuziba mianya ya vitabu vya risiti vya zamani. Mashine isiyotoa karatasi inaturudisha pale pale. Nimekaa wiki moja nikiandika kwenye daftari langu la mauzo: katika siku sita nilizofungua, risiti nilipewa siku mbili. Siwezi kusema pesa za siku nne ziliingia au hazikuingia benki, kwa kuwa sina namna ya kujua. Mnaoweza kujua ni ninyi, na ndiyo maana naandika kwenu.

2. Mtaro wa nyuma ya soko

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, maana ndipo palipouma.

Mtaro huu unaanzia kwenye machinjio madogo, unapita nyuma ya vizimba vya nafaka, unaishia kwenye bonde. Uliwahi kuchimbwa upya, ukajengewa kuta za mawe nusu ya njia, kisha mafundi wakaondoka. Sehemu iliyobaki ni udongo mtupu. Kila anayefagia sokoni anasukumia taka humo kwa sababu ghuba la taka lililopo limejaa tangu nilipokumbuka kulitazama, na gari la taka likija linazoa juu juu. Kwa hiyo mtaro wetu una ukuta mzuri upande wa juu, na upande wa chini una kizuizi cha maganda, mifuko na majani ya migomba.

Mwezi Machi mvua ilinyesha usiku. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikakuta maji yamefika kwenye kifundo cha mguu, meusi, na harufu ya machinjio. Magunia yangu nayaweka juu ya mbao, lakini mbao zangu ni za inchi nne, maji yalikuwa zaidi ya hapo. Nilishika gunia la maharage nilivute, kitako kikaachia, maharage yakamwagika kwenye maji yale. Yalikuwa yameshavimba, mengine yamepasuka ganda. Nilipoteza magunia mawili ya maharage na moja la mchele. Mwenzangu wa kizimba cha tatu alipoteza mahindi ya mkopo, na mkopo haukupotea.

Nikaenda idara ya mazingira. Wakaniambia mtaro ni suala la ujenzi. Nikaenda ujenzi. Wakaniambia mifereji ni ya wakala wa barabara. Najua kwamba tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, yaani wakala huyo wa barabara, na mifereji ya barabara huenda na barabara zake. Mtaro huu hauko barabarani. Uko ndani ya uzio wa soko, soko ni la halmashauri, na ushuru wa soko unakusanywa na halmashauri. Nikamfuata mheshimiwa diwani. Akaniambia, kwa unyenyekevu, kwamba yeye husimamia tu, mtendaji ni Mkurugenzi. Nikarudi kwa watendaji. Wakaniambia bajeti hupitishwa na madiwani. Mheshimiwa Mwenyekiti, Ndugu Mkurugenzi, ndiyo sababu barua hii ina majina ya vyeo vyenu vyote viwili juu yake. Mmoja anaongoza Baraza, mwingine ni katibu wa Baraza hilo hilo na ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha za halmashauri. Mnakaa meza moja. Tunaomba mjibu pamoja.

Tena kuna historia ambayo wazee wa mji huu wanaikumbuka kuliko mimi. Kuanzia mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, kazi zao zikahamishiwa mikoani na wilayani. Miji ikachakaa: mitaro ikaziba, taka zikalundikana, na kipindupindu kikaingia mwaka 1977 na 1978. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa ili kuziokoa huduma hizo, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria za serikali za mitaa tunazoishi nazo mpaka leo. Halmashauri ya mji ilirudishwa kwa ajili ya mtaro kama huu. Nikiona maji ya machinjio yanapita chini ya meza ya mama anayeuza mchicha, siwezi kuliona kama jambo dogo la kusubiri robo ya nne.

Ninachotaka kujua ni hiki: mradi ule ulikuwa wa shilingi ngapi, ulitengewa fedha mwaka gani, mkandarasi alilipwa kiasi gani, na kwa nini ukuta uliishia pale ulipoishia. Hakuna kibao cha mradi kilichowahi kusimikwa.

3. Vikao vya Baraza na ubao wa matangazo

Baada ya barua ya pili kukosa jibu, tulikubaliana watu watano twende kusikiliza Baraza la Madiwani. Tulivaa vizuri, tukafika mapema. Mlangoni mlinzi akatuuliza mwaliko. Tukasema hatuna, tumekuja kusikiliza. Akaingia, akatoka, akasema kikao ni cha waheshimiwa na wataalamu, viti havitoshi. Dirisha lilikuwa wazi na viti vya nyuma vilionekana.

Simlaumu mlinzi, ametekeleza alichoambiwa. Lakini mikutano ya Baraza kwa sheria na kwa kanuni zenu za kudumu ni ya wazi kwa wananchi na waandishi wa habari. Kamati za kudumu, kama ile ya Fedha na Uongozi, hukaa faragha, na hizo hatuziombi. Baraza zima linalokutana kila robo mwaka ni letu pia. Na hata kama mlinzi angeturuhusu, tulijua tarehe kwa bahati: mtoto wa mmoja wetu anapika chakula cha vikao.

Tarehe ingepaswa kuwa kwenye ubao wa matangazo. Nimesimama mbele ya ubao huo na kuusoma wote. Kioo kimepasuka kona ya kushoto. Ndani kuna tangazo la mbio za Mwenge zilizokwisha kupita, orodha ya walioitwa kwenye usaili ambayo jua limeifuta majina, na karatasi ya simu iliyopotea. Ratiba ya vikao, taarifa ya mapato na matumizi, orodha ya zabuni zilizotolewa: hakuna. Kubandika karatasi nne kwa mwezi hakuhitaji mfadhili.

4. Mikutano ya mtaa

Tulipiga kura za serikali za mitaa tarehe 27 Novemba 2024. Tangu siku hiyo mtaa wetu umeitwa mkutanoni mara moja, na mara hiyo moja ilikuwa kutangaziwa mchango. Hakuna taarifa iliyosomwa, hakuna swali lililopokelewa, daftari la mahudhurio likazungushwa tukasaini. Mwenyekiti wetu wa mtaa ni mtu mwema. Anasema yeye mwenyewe hapewi taarifa za kutuletea. Kamati ya maendeleo ya kata ikikaa, hatujui imejadili nini. Kama mtaa haupati habari na kata haituletei, mipango inayosemekana imetoka kwa wananchi inatoka kwa nani?

5. Mikopo ya asilimia 10

Kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huu ulisimamishwa mwaka 2023, ukarudi mwaka 2024 kwa masharti mapya, na tulifurahi. Kikundi chetu kina katiba, kina akaunti, kimesajiliwa, kimejaza fomu. Tumeambiwa tusubiri awamu. Tunasubiri bila kinyongo. Tunachoomba ni orodha ya vikundi vilivyokwishapata ibandikwe: jina la kikundi, kata, kiasi, na kiasi kilichorejeshwa. Pesa hiyo inatokana na ushuru wa mama wa ndizi. Ana haki ya kujua imekwenda wapi na kama inarudi.

Najua mtakayosema, kwa sababu mengine nimeshaambiwa koridoni.

Mtasema mapato ni madogo na mji ni mchanga. Nakubali. Mimi pia nina mtaji mdogo, na kwa sababu ni mdogo ndiyo maana naandika kila kilo inayotoka. Upungufu wa fedha unaweza kueleza kwa nini mtaro haujakamilika. Hauelezi kwa nini barua haijajibiwa.

Mtasema hesabu zimekaguliwa na CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na mmepata hati safi. Hongereni kama ni hivyo, nasema kwa moyo mmoja. Lakini hati safi hutolewa kwa hesabu zilizoandaliwa kwa kufuata viwango. Haisemi kama mtaro ulipaswa kuishia katikati, wala kama ushuru ulipandishwa baada ya watu kusikilizwa. Hayo ni ya sisi na ninyi kuzungumza.

Mtasema wananchi wenyewe hawaji kwenye mikutano. Hili linanigusa, maana lina ukweli. Mkutano wa mtaa ukiitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, watakaokuja ni wazee na wasio na kazi, na mkitangaza kwa gari la matangazo jioni ya kuamkia mkutano, wengi hawatasikia. Watu pia wamechoka kwenda kusikiliza michango. Iteni mkutano Jumapili saa kumi jioni, mlete karatasi ya mapato na matumizi isomwe kwa sauti, mruhusu maswali, muone kama watu hawatajaa.

Na kuna watakaonong'ona kwamba nimetumwa na wanasiasa. Sina kadi ninayoitetea hapa. Nina kizimba, nina bahasha ya barua tatu, na nina watoto wanaoishi katika mji huu.

Ninachoomba, waheshimiwa, kinaweza kufanyika bila kusubiri bajeti mpya. Kwanza, barua zangu tatu zijibiwe kwa maandishi. Pili, ubao wa matangazo ufunguliwe na kuwekwa ratiba ya vikao vya Baraza kwa mwaka wa fedha wote, Julai hadi Juni, pamoja na taarifa ya mapato na matumizi ya kila robo. Nakala za hizo hizo zipelekwe kila ofisi ya kata na zibandikwe kwenye lango la soko. Nyongeza ya ushuru isimame mpaka mtuonyeshe Gazeti la Serikali, na kijana wa ushuru asipokee shilingi pale ambapo mashine haitoi risiti. Mtaro uzibuliwe kabla ya mvua za vuli. Kwa kazi hiyo sisi wafanyabiashara tuko tayari kutoa nguvu kazi siku mbili, koleo na toroli tunazo, ninyi mlete gari la kubeba uchafu na mhandisi wa kutuonyesha maji yanapaswa kuelekea wapi. Na hesabu ya mradi ule wa mtaro itolewe kwetu, ukurasa mmoja unatosha.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa anayeombwa taarifa siku 30 za kujibu. Barua hii naileta masijala leo, nakala nitagongewa mhuri kama zile nyingine, na siku zitahesabiwa kutoka kwenye tarehe ya mhuri huo.

Kikao kijacho cha Baraza tutakuja tena, watu watano wale wale. Tutakaa nyuma, simu tutazima, hatutasema neno ila tukipewa nafasi. Tunaomba mlinzi aambiwe mapema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa nafaka, soko kuu
(Jina langu kamili na namba ya kizimba vimo katika barua tatu zilizoko masijala)

Nakala:
Mkuu wa Wilaya
Katibu Tawala wa Mkoa
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu
Wenyeviti wa mitaa yote ya mji
Wakazi wenzangu